Hakuna Kinachoitegemea

Diski ilijaa Januari ile,
asilimia tisini na nane,
nami nilikuwa wiki ya pili kazini
katika maktaba ya Võru, chini ya ngazi,
ambako Heldur alifuga kompyuta moja kuukuu
miaka kumi na tisa, kisha akastaafu
akaniachia funguo, nywila,
na karatasi iliyosema: Usiiharakishe.

Niliiharakisha.
Theluji ilikuwa imefika madirishani.
Ndani, dirisha jeusi na kishale kinachopepesa,
nami nikaanza kung'oa.

Kusakinisha nilikujua. Ni kualika arusi:
unamwita bwana arusi peke yake,
anakuja na mashangazi, na mpiga picha,
na binamu wa mpiga picha asiyejulikana na mtu,
kila mmoja akiapa, bila mimi huyu hasimami.
Unajibu Ndiyo. Wanaketi.
Arusi ikishavunjika
binamu yule hubaki sebuleni miaka kumi,
hali, hanywi, ila kiti amekikalia.

Kuondoa nilidhani
ni kualika kinyumenyume.

Niliondoa michezo ya karata.
Niliondoa kiendeshi cha printa iliyokwisha uzwa chuma chakavu.
Kompyuta ikauliza, kama karani mwenye adabu:
Vifurushi thelathini na kimoja havihitajiki tena.
Viondolewe? Ndiyo au hapana.
Nani husoma orodha?
Nikabonyeza herufi moja
nikaenda kuchemsha kahawa.

Alhamisi akaja Bi Salme,
miaka themanini na mitatu,
akakung'uta viatu mlangoni, akakaa kiti chake karibu na joto
kumwandikia dada yake aliyeko Kanada
kwa Kivõro, lugha ya jikoni kwao.
Akaandika mistari mitatu.
Akaniita kwa kidole.

Kila neno lilikuwa na mstari mwekundu chini yake.
Theluji, nyekundu. Mkate, mwekundu.
Jina la utani la mama yao, jekundu.

"Binti," akasema, bila hasira, na hilo ndilo lililoniuma,
"wiki iliyopita nilikuwa sahihi."

Nikarudi chini ya ngazi. Safari hii nikaisoma orodha.
Ya ishirini na saba: kamusi ya tahajia ya Kivõro,
kilobaiti mia na kumi,
ndogo kuliko picha ya paka.
Hakuna kinachoitegemea, mashine iliandika,
ikaihesabu yatima.
Haikuwa na mahali pa kuandika:
Salme, Alhamisi, saa nne asubuhi.

Nikaiita. Haipatikani.
Nikaiita kwa jina lake la zamani. Haipatikani.

Heldur nilimkuta anapasua kuni.
Aliutazama uso wangu, akaingia ndani,
akatoka na kopo la biskuti:
vifungo, betri, diski moja yenye maandishi ya penseli.
"Niliikusanya mwenyewe," akasema. "Neno kwa neno,
baridi mbili. Sikumwambia mtu.
Niliona haya. Maneno ni elfu tisa tu."

Usiku ule ikagoma kusimama:
inamtaka shangazi fulani, toleo la zamani.
Nikamtafuta shangazi. Shangazi akamtaka binamu.
Yule yule wa sebuleni, niliyemfukuza Jumatatu.
Nikamrudisha kwa heshima zote,
kiti chake kile kile,
kisha nikaandika amri moja ya ziada:
hawa wasiguswe, hata diski ipasuke.

Alhamisi Bi Salme alijaza kurasa mbili.
Mstari mwekundu ulibaki mmoja, chini ya neno
nisilolijua. Nikamwuliza.
Akafikiri.
"Ni ile sauti ya theluji ikiporomoka kutoka paani
usiku, nawe umelala na mtu."

Mbona Heldur hakuliweka?

Akacheka mpaka miwani ikamshuka puani.
"Heldur," akasema, "hajapata kuoa."