Mstari Mwekundu

"Mkutano umeharishwa," barua pepe ikaenda
idara nzima. Mtumba ikacheka siku mbili.
Ndahani akaagizwa: kile kiongezi chako,
kitie kikagua tahajia. Kabla ya Jumatatu.

Usiku, Nkuhungu, feni ikizungusha vumbi,
akailisha programu kamusi,
herufi hadi herufi, chai ikapoa.
Akajaribu.

Wekundu ukapita chini ya Mbukwa,
salamu ya mama yake,
chini ya Chigongwe alikozaliwa,
chini ya Ndahani mwenyewe.
Umeharishwa likapita salama:
neno halali, limo kamusini.

Akacheka peke yake, kisha akanyamaza.
Akatengeneza kitufe: Ongeza neno.
Akaanza na Mbukwa.

Lile jingine akaliwekea swali tu:
"Una hakika, mheshimiwa?"