Jalada la Septemba

Ondina Barreiro hafungui pazia mchana.
Jua la Montevideo, asema, ni mwizi mstaarabu:
huanza na wekundu wa midomo,
kisha kofia, kisha bahari,
mwisho hukuachia karatasi na msumari.

Ukutani, majalada arobaini na moja.
Mwanamke na mbwa wake mwembamba.
Gari la njano likipanda mawingu.
Mcheza tenisi asiye na pua, nondo wameila.
Wageni husifu rangi. Yeye huwaonyesha
chini, pembeni, kijikaratasi cha anwani
kilichobanduka nusu:
Bw. Casiano Feijóo, Mtaa wa Durazno, ghorofa ya pili.

Hakumjua.
Amemjua kwa duara la kikombe juu ya Machi,
kwa hesabu ya penseli shingoni mwa mcheza dansi:
kumi na nne toa tisa.
Agosti ya thelathini na nne, halafu kimya.
Alihama? Alifilisika?
Fremu ya arobaini na mbili i wazi.

Jumapili, gulioni, muuzaji akamwita:
"Septemba, mama! Safi kama limetoka mtamboni leo."
Kweli. Msichana, mwavuli, mvua ya wino wa buluu.
Ondina akaligeuza, akalisogeza puani,
akapapasa pembe kwa kidole gumba.
"Halina jina."
"Ndiyo maana ni ghali."

Akalirudisha taratibu,
kama anayelaza mtoto wa mwenziwe.
Nyumbani akafuta vumbi kwenye kioo kitupu,
akarudi nyuma hatua mbili.
Fremu imekwenda upande.
Akainyoosha.