Lifti Kati ya Ghorofa

Mume wangu ni fundi wa lifti hapa Kutaisi,
kwenye majengo ya zamani ambako lifti bado hula sarafu.
Labda ndiyo maana anakoroma hivi:
kwanza waya unakazika,
kisha mzigo unapanda ukikwaruza kuta,
ya kwanza, ya pili, ya tatu,
halafu kimya.

Mkoromo hauniamshi. Kimya ndicho kinachoniamsha.

Otari amekwama kati ya ghorofa
na sioni kitufe cha kubonyeza.
Nahesabu. Kumi na moja. Kumi na tisa.
Jirani yetu Valiko, ambaye hugonga bomba la joto kwa kijiko
kelele zikimzidi,
naye ametulia, kana kwamba anahesabu upande wa pili wa ukuta.
Ishirini na sita.
Kisha kishindo! Pumzi inarudi mbio
kama mtu aliyesahau funguo,
na mtambo mzima unaanza kupanda upya.

Kwenye meza za harusi walisema
akoromaye ana shibe, ana amani,
na nyumba ya mkoromo haiingii mwizi.
Wakainua pembe za mvinyo kuusifu usingizi wake.
Nami nilicheka, macho yakiniwasha.

Mkanda wake ndio daftari letu.
Tundu la pili ni mwaka aliozaliwa Nestani.
La nne alilitoboa kwa msumari, matanga ya mama yake.
La tano halina sababu.
Asubuhi huamka amechoka kuliko alivyolala,
akatia vijiko vinne vya sukari kwenye chai
apate tu nguvu ya kufunga viatu.

Daktari Lamara alimpima kiuno, halafu shingo.
Shingo! Haikuwahi kupimwa tangu shati la arusi.
Akasema: kila pumzi inapokatika
mwili hudhani unakabwa.
Moyo unatimua mbio, ini linafungua ghala,
linamwaga sukari kwenye damu, sukari ya kukimbilia,
na mwenyewe amelala chali, hana aendako.
Mara mia mbili kwa usiku.

"Basi unene ndio unaoleta mkoromo?"
"Na usingizi mbovu unaleta unene.
Nani alitangulia kupanda, sijui.
Wote wamo humo humo."
Otari akakohoa: "Na kibao kinasema mwisho watu wanne."

"Na wewe, mama?"
Mimi sikoromi, nikasema.
Otari akaanza kuikagua kofia yake,
mshono kwa mshono.

"Tangu mwaka wa theluji kubwa," akasema mwishowe.
"Wewe hukwama ya pili.
Nikifika kumi na nne nakugusa bega."

Sikumjibu. Nilimpa daktari kidole,
tone likatoka, dogo, jekundu, halina makuu,
na namba yangu ikaipita ya mume wangu.

Miaka yote hiyo nilijiona mlinzi wa zamu,
kumbe tulikuwa tukipokezana
bila kukabidhiana taa.

Sasa zipo barakoa mbili kitandani, na mipira miwili,
tunafanana na wazamiaji waliokosa maji.
Chai naionja chungu na kuisema moyoni.
Ngazi tunazipanda kwa miguu, fundi wa lifti na mkewe,
sarafu tunazitupa kwenye kopo la kahawa,
na ghorofa ya tatu tunasimama,
tukijifanya tunasoma majina milangoni.

Usiku wa kwanza nyumba ilinyamaza kabisa.
Saa tisa hivi, bomba likagongwa.
Mara moja, taratibu, si kama zamani.
Nikanyanyua barakoa, nikapapasa kijiko gizani,
nikamjibu Valiko mara mbili:

tupo,
tupo.