Zana: Mkate

Tasnifu yangu ina kurasa mia mbili na kumi.
Nauliza humo: mtu akipotewa na kumbukumbu zake,
nani hubaki kitini?
Msimamizi ameandika pembeni, wino mwekundu:
"Mfano?"

Basi nimerudi Wete kuufuata mfano.

Darasa la nne, Jumanne, masika yakipiga mabati.
Mwalimu Mgeni Faki aliingia na mkate wa kumimina,
akaukata nusu, robo, thumuni,
tukala wote arobaini na watatu,
na tangu siku ile najua sehemu ni kitu cha kutafuna.
Hiliki ilinikaa menoni hadi adhuhuri.
Shaame, wa forodhani Mkoani, anabisha:
ulikuwa wa ufuta.
Zuwena anaapa kipande chake kiliungua chini,
akalia,
akabadilishiwa.

Binti wa mwalimu kanifungulia sanduku la bati.
Madaftari ya maandalio, kingo zimeliwa na mende.
Tarehe tisa Aprili. Somo: Sehemu. Zana: mkate.
Neno "mkate" limepigwa mstari.
Chini yake, mwandiko ule ule wa kulala:
"Mchele hamna dukani. Nimechora ubaoni.
Nimewaambia wafumbe macho, wale taratibu."

Nimesoma mara tatu. Nimekaa sakafuni.

Hata hesabu ilipaswa kunizindua:
thumuni ni nane tu, nasi tulikuwa arobaini na watatu!
Lakini hakuna aliyehesabu. Tulikuwa tunatafuna.

Ladha hii, basi, ya nani?
Mimi sikuila. Yeye hakuipika.
Chaki ilifutwa kabla ya kengele,
na bado ulimi wangu, miaka yote hii,
unakataa mkate wowote usioufikia ule.

Yeye yuko dirishani, kanga mabegani,
ananiita Asha Kombo, dadake, marehemu.
Nimeacha kumsahihisha.
Nikawasha kinasa sauti, nikauliza kitaalamu:
"Mwalimu, unaukumbuka ule mkate?"
"Mkate upi, mwanangu?"
Akasema kwa adabu, kama anayeulizwa njia
katika mji asioujua.

Kimya. Kuku wakipekua uani.
Kisha akanitazama mikono,
mitupu,
akashtuka kidogo:
"Wangapi hawajapata?"

Nikazima kinasa sauti.
Nikaanza kuhesabu,
tangu dawati la mlangoni.