Wifi

Hafidh amepigilia kisanduku ukutani, juu ya kabati la vyombo,
taa nne za kijani, moja inakonyeza.
"Nyanya," anasema, "sasa una wifi."

Nikageuka kutazama mlango.

Maana wifi ninaye, tangu mwaka nilotiwa hina.
Ana jina, Mwanasiti, dada wa marehemu,
ana ulimi wa pilipili mbuzi na mkono mzuri wa sindano,
yuko Mtongwe, ng'ambo ya feri,
na mara ya mwisho kuingia humu ndani, Kuze,
alionja pilau ya hitima ya nduguye
akasema, mbele ya watu, "Haikukolea."

Miaka mitatu.
Yeye na macho yake, mimi na magoti yangu,
na ule mteremko wa kivukoni, umati nyuma,
mnabingirishwa kama nazi zilizomwagwa guniani.
Nilisema ni magoti.
Nimewaambia watu wote ni magoti.

Mtoto akacheka mpaka akakaa chini,
kisha akaniuliza nambari yake.
Nikamwambia siijui.
Naijua. Naijua kama Alhamdu.

Simu ikaita. Likatokea paji la uso
na panka la dari likizunguka nyuma yake.
"Nani?"
"Mimi."
"Mimi nani?"
"Shusha simu, Mwanasiti, naona paji tu."
Ikashuka, ikaupita uso, ikaonyesha kidevu,
leso, mkeka, paka. Dari tena.
Hapo adhana ya alasiri ikaingia dirishani kwangu,
na sekunde mbili tatu baadaye nikaisikia nyingine,
ya Mtongwe, imo kiganjani mwangu.
Tukanyamaza sote wawili, tukaitikia.
Baada ya hapo ningeanzaje kugombana?

"Ile pilau," akasema.
"Iache."
"Siku ile hata asali ningesema haikukolea."

Sasa kila Jumatatu na Alhamisi, baada ya sala,
huingia na Bi Khuzaima wa Kibokoni,
na shoga yetu Raya, aliyechukuliwa na mwanawe Jedda
akawekwa ghorofa ya tisa, haoni mtu
ila kuta na baridi ya mashine.
Nyuso nne kiooni, vyumba vinne vya nyumba moja.
Tunashona. Tunasengenya kwa sauti ya juu,
maana Bi Khuzaima hasikii,
na mtaa mzima umeshajua nani kaposwa, nani kaachwa.
Mtandao ukikwama, mmoja huganda kinywa wazi,
nasi twamngoja
kama tungemngoja mtu anayetafuta neno.

Jana Mwanasiti alisogeza kitu karibu na kioo.
Kitambaa cha duara, vitobo vidogo vidogo vya uzi mweupe,
sehemu ya juu ya kofia.
"Nilikuwa namshonea," akasema. "Ule ukanda wa pembeni
nilikupa wewe."
Ninao. Uko sandukuni, ndani ya gazeti,
sindano bado imechomekwa pale nilipoishia
daktari alipopiga simu.
Nikautoa. Nikauinua. Naye akainua chake.
Juu kidogo. Kushoto. Si huko, kushoto kwangu.
Tukahangaika hadi kikaonekana kitu mfano wa kofia,
nusu kwake, nusu kwangu,
na katikati ule mstari mweusi wa kioo
ambao hakuna uzi unaoupita.
Raya akalia, kule Jedda.
Bi Khuzaima akauliza, "Kumekwani? Nani kaachwa?"

Usiku Hafidh kanikuta nimeinama uvunguni.
"Nyanya, mbona unatoa viatu?"

Kofia haiunganiki hewani, mwanangu.
Kesho utanishika mkono, tuushuke mteremko taratibu,
wanaoikimbilia feri wapite.
Na mpigie wifi yangu, umwambie
apike yeye pilau.
Mimi nitaonja,
mbele ya watu.