Fundo la Tano

Mama aliacha uzi mmoja mweupe
wenye mafundo matano,
umezungushwa kwenye kipande cha mswaki
ndani ya bati la biskuti lililoshika kutu.
Dhahabu iligawanywa kwa sheria.
Cherehani ilichukuliwa kwa maneno.
Uzi hakuna aliyeuulizia. Nikautia mkobani.

Fundo la kwanza ni kichwa cha Baba.
La pili ni Zahran, kichwa tikiti,
Mama akisema bafta ya huyu ni hasara tupu.
La tatu Mundhir. La nne Saleh, mume wangu,
aliyepimwa siku ya posa
akatulia kimya, akidhani anaombewa dua.
La tano sijui la nani.

Zimebaki wiki tatu, Idi iingie.
Maabela inachemka, kiyoyozi kinakohoa
na kudondosha maji kwenye ndoo.
Nimekaa chini, mguu mmoja nimeunyoosha,
natoboa bafta kitobo kwa kitobo,
kila kitobo nakizungushia uzi, nakaza,
kama anayefunga midomo ya ndege wadogo
wasije wakatoa siri.

Ilham ananiambia: Mama, macho yako!
Soko la Sib zimejaa za mashine,
riyali mbili, zimepachikana kama vikombe.
Namjibu: mashine haijui
kwamba Mundhir ana kovu juu ya sikio,
hapo hapendi pabane.
Mimi hapo nalegeza.

Vipande vilivyobaki sivitupi.
Nimeshona kijito cha kuchomekea sindano,
nikakijaza nywele za mbuzi,
nikampelekea Bi Sheeja wa chini,
muuguzi aliyemdunga Mama miezi minne
mkono usibaki na alama.
Alikishika, akacheka kwanza,
halafu akanigeuzia mgongo, akaenda kuchemsha chai
ambayo sikuwa nimeiomba.

Lakini hili fundo la tano.
Dogo kwa mtu mzima, kubwa kwa mtoto.
Usiku nalipapasa kama jino linalouma.
Palikuwa na mtoto kabla yetu, tusiambiwe?
Palikuwa na mtu kabla ya Baba,
mwembamba, mwenye kichwa cha kijana,
aliyeondoka na hakurudi kuichukua kofia yake?
Nikaamua kuishona.
Hiyo ndiyo niliyoitia kazi kuliko zote:
uzi wa rangi ya zabibu mbichi,
viua vya mwezi pembeni, juu nyota nane.
Siku kumi na tisa. Vidole vikawa kama mbuzi ya nazi.
Za kaka zangu, Mungu anisamehe,
nilizimaliza kwa haraka.

Nikampigia mama mdogo Rayya, kule Ibra.
Nikamwambia taratibu, kwa adabu,
kama mtu anayefungua mlango wa chumba cha mgonjwa:
Mama mdogo, fundo la tano ni la nani?
Akanyamaza. Nikasikia feni yake.
Kisha akacheka mpaka akapaliwa,
mpaka mtu akaja kumpiga mgongoni.

Ni kopo, mwanangu. Kopo la maziwa ya unga!
Akishazitia wanga kofia zenu
alikuwa akizivika pale zikauke, zisipinde.
Alipima asije akanunua kopo jingine
lisilolingana nalo.

Kopo lenyewe ninalo. Naweka mchele.
Nikalipangusa, nikalivika.
Limekaa sawasawa, halikuzidi uzi hata mmoja.

Asubuhi ya Idi walikuja wote,
Zahran na tikiti lake, wakanukia udi, wakala halwa,
wakauliza yule mgeni juu ya kabati ni nani
aliyepewa nzuri kuliko sisi.
Nikasema, huyu ndiye aliyevaa kofia zenu
kabla yenu, zote, miaka yote,
wala hakulalamika kubanwa.

Azzan, mjukuu, ana miaka mitano.
Kila Ijumaa anapanda kiti, anaijaribu.
Inamshuka mpaka kwenye nyusi.
Anairudisha, anaipigapiga,
anamwambia kopo: bado kidogo.
Nami nafunga fundo la sita.
Natumia uzi uleule. Umebaki mrefu.