Tarehe Ubaoni

Barabara ya Kumi na Nne, saa moja kasorobo asubuhi,
bata na vifaranga wake niliwakwepa,
lami sikuikwepa.
Madaftari arobaini na mawili ya Darasa la Tano
yakatawanyika, na mkono wangu wa kulia
ukabaki nyuma, kama mtu aliyeitwa na jirani njiani.

Bega lilikuwa limepoteza mviringo wake,
limekuwa kona, kama ya dawati.
Pale Bombo walilirudisha. Maumivu siyakumbuki;
nakumbuka mlio, mdogo,
wa droo iliyoingia mahali pake,
na mimi, mtu mzima, nikilia kwa nafuu.

Wiki tatu mkono ulilala kwenye mbeleko ya khanga.
Bi Chausiku wa nyumba ya pili akaleta mafuta ya nyonyo
na mjukuu wake hodari wa kukanda.
Nikashukuru. Mafuta nikayapaka magotini.

Halafu Semkiwa, mtaalamu wa mazoezi ya viungo,
akatoa chungwa la Muheza mfukoni,
akaliweka juu ya kisahani cha kahawa.
"Mwalimu, leo wewe ndiye mwanafunzi.
Chungwa ni kichwa cha mfupa wa mkono.
Kisahani ni kombe la bega.
Nyonga Mungu aliipa bakuli. Bega alilipa hiki."
Akakitikisa. Chungwa likaenda sakafuni.
"Ndiyo maana unajikuna mgongo, unaanika nguo,
unampungia mtu ng'ambo ya barabara.
Na ndiyo maana bata amekuleta kwangu."

Kisahani kina ukingo wa gegedu,
kama mshono wa kofia; wangu umechanika kidogo.
Juu, mtulinga umelala kama mtambaapanya.
Na misuli minne, midogo, isiyoonekana kwenye kioo,
imelizunguka chungwa
kama watu wanne walioshika pembe za shuka.
"Hao wanne ndio tutakaowafundisha," akasema.
"Ule mkubwa wa nje ni wa kujionyesha."
Kisha akalimenya, maana mimi sikuweza,
tukalila.

Nainama, kiganja cha kushoto mezani;
mkono mbovu unaning'inia
kama ile rimu ya lori tunayoigonga saa ya mapumziko,
unachora duara la kisahani,
baadaye la sahani,
na wiki ya sita, la sinia.
Nasukuma ukuta. Ukuta hausogei wala mimi sisogei,
na Semkiwa anasema hiyo ndiyo kazi.
Kisha tyubu ya baiskeli ileile
inafungwa kwenye kitasa cha mlango:
kiwiko ubavuni, vuta nje, rudi polepole.
Iliniangusha; sasa inanilipa deni,
kumi kumi, mara tatu.

Darasani niliandika kwa kushoto.
"Mwandiko wa Mwalimu umelewa," Mwanahamisi akanong'ona,
na kweli, saba yangu ilikuwa inaiegemea nane.
Tarehe, kule juu kabisa, aliandika Kibwana,
amesimama kwenye kiti, ulimi nje,
kila asubuhi, kama anayepandisha bendera.

Mkono wa kulia ulirudi kwa chini,
kwenye mstari wa mwisho wa ubao.
Nyumbani vidole vilitambaa ukutani,
nikatia alama ya chaki vilipochokea:
usawa wa kitasa, usawa wa swichi,
siku mbili kurudi nyuma, kisha kalenda.

Maumivu siyaogopi. Naogopa mkao mmoja:
mkono juu, kiganja mbele,
kama unamsimamisha dereva.
Hapo bega hukumbuka kabla yangu.
Huuliza: una hakika?

Jumanne iliyopita sikulijibu. Nilinyoosha tu,
nikafika, nikaandika "Juma",
nikawasikia wale wanne wakikaza shuka.
Nyuma yangu kiti kilikuwa kimeshaburutwa.
Kibwana alisimama nacho,
akinitazama kama diwani aliyeshindwa uchaguzi.

Nikafuta.
Nikampa chaki, nikarudi hatua moja nyuma
nikihesabu kimoyomoyo:
kumi, pumzika, kumi.